Kuunga Ardhi na Kusawazisha Chaji: Istilahi za Usalama wa Kompyuta za Mezani katika Mafunzo ya Ufundi Jijini Kigali

Ikisiri

Makala hii inaeleza matatizo mawili ya umeme yanayoharibu kompyuta za mezani na kuhatarisha wanaozitengeneza: umeme tuli unaotoka katika mwili wa fundi, na ukosefu wa muunganisho wa ardhi katika soketi. Hoja kuu ni kwamba matatizo haya hufanana kwa hisia lakini hutofautiana kwa chanzo na kwa tiba, ilhali Kiswahili cha mafundi huzikusanya tiba zote chini ya neno moja, "ethi". Kwa kutumia mfano wa Kigali, ambako lugha nne rasmi na aina kadhaa za plagi hukutana, makala inaonyesha kwamba mkanganyiko huo wa istilahi unaweza kugharimu vifaa na hata maisha. Inapendekeza istilahi tatu zinazotenganishwa waziwazi, pamoja na hatua za kisera zinazoambatana nazo.

1. Utangulizi

Mtu anayegusa kasha la chuma la kompyuta ya mezani iliyochomekwa kwenye umeme huweza kuhisi mtekenyo mwepesi usiokoma kwenye vidole. Mtu mwingine, aliyetoka kutembea juu ya zulia la nailoni wakati wa kiangazi, huweza kugusa kasha hilohilo na kupata mshtuko mmoja mkali unaotoweka papo hapo. Wote wawili watasema wamepigwa shoti, na huenda wote wawili wakaambiwa na fundi kwamba tatizo ni ethi. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Mshtuko wa kwanza unatoka katika umeme wa jengo, nao utaendelea mpaka soketi irekebishwe. Wa pili unatoka katika mwili wa mguswaji mwenyewe, na hauhusiani na soketi.

Kigali ni mahali pafaapo kuchunguza tofauti hii. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ikakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kuanzia mwaka 2008, na mwaka 2017 ikakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Fundi wa kompyuta jijini humo anaweza kusoma mwongozo wa Kiingereza, kufundishwa na mtu aliyesomea umeme kwa Kifaransa, kuzungumza Kinyarwanda na mteja, na kuagiza vipuri kwa Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Kampala au Goma. Kila lugha inakuja na njia yake ya kugawanya dhana. Pale zinapokutana mezani, kosa la istilahi huwa kosa la kazi.

2. Umeme tuli na vijenzi vya kompyuta

Umeme tuli, ambao baadhi ya waandishi huuita umemetuamo, ni chaji zilizokusanyika juu ya kitu bila kupata njia ya kutiririka. Vitu viwili vya asili tofauti vinapogusana na kuachana, kama soli ya kiatu na zulia, kimoja hubaki na ziada ya chaji na kingine hubaki na upungufu. Hewa yenye unyevu hupunguza mkusanyiko huo kwa sababu utando mwembamba wa maji juu ya vitu huzipa chaji njia ya kuondoka. Ndiyo sababu Kigali, jiji lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, huwa na hatari kubwa zaidi katika miezi ya kiangazi kikuu, kuanzia Juni hadi Agosti, kuliko katika masika ya Machi hadi Mei.

Ugumu wa kufundisha jambo hili ni kwamba hatari yake kubwa haihisiki. Kwa kawaida binadamu huanza kuhisi mshtuko wa umeme tuli unapofikia takriban volti 3,000. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61340-5-1, kinachoongoza kazi ya kulinda vijenzi vya elektroniki, kimewekwa kwa vijenzi vinavyoweza kuharibiwa na volti 100 na kuendelea. Kati ya 100 na 3,000 kuna eneo pana ambamo fundi anaweza kuharibu chipu bila kuhisi wala kuona chochote.

Sababu iko katika umbo la chipu. Ndani yake kuna tabaka za kihami zenye unene wa nanomita chache tu. Chaji ya mwili inapopita huko katika muda mfupi mno, hutoboa tabaka hiyo au kuyeyusha njia ya chuma. Wakati mwingine chipu hufa mara moja. Wakati mwingine hudhoofika tu: kompyuta huwaka, hukabidhiwa kwa mteja, kisha baada ya majuma kadhaa huanza kujizima au kupoteza kumbukumbu. Lawama hapo huelekezwa kwa kipuri, kwa muuzaji au kwa kukatika kwa umeme, na fundi hapati nafasi ya kujifunza kwamba mkono wake ndio uliokuwa chanzo.

3. Soketi isiyo na ardhi

Tatizo la pili ni la jengo. Kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta ya mezani kina kapasita ndogo zinazounganisha nyaya za umeme na kasha la chuma ili kuchuja vurugu za mawimbi. Waya wa ardhi ukiwepo, mkondo mdogo unaovuja kupitia kapasita hizo huenda ardhini na hakuna anayeuhisi. Waya huo ukikosekana, kasha hubaki likielea katika takriban nusu ya volti ya umeme wa jengo, yaani karibu volti 115 pale umeme unapokuwa wa volti 230. Huo ndio mtekenyo usiokoma.

Kwa kompyuta moja, mkondo huo ni mdogo. Katika maabara ya shule hesabu hubadilika. Kompyuta 20 zikiunganishwa kwenye kebo za nyongeza zenye waya wa ardhi, huku soketi ya ukutani inayolisha mfumo wote ikikosa ardhi, makasha yote huunganika pamoja. Kila kompyuta ikivujisha robo ya miliampia, mwanafunzi anayegusa kasha moja huku akigusa bomba la maji hupitisha mwilini takriban miliampia 5. Huo ni mshtuko wa maumivu, nao hutokea hata kama hakuna kompyuta mbovu. Kihami cha kompyuta moja kikiharibika kabisa, makasha yote 20 huwa na umeme kamili wa jengo.

Jijini Kigali ukosefu huu hutokana kwa sehemu na jiografia ya biashara. Soketi zinazotambulika rasmi nchini Rwanda ni za aina C na J. Aina ya C ina matundu mawili ya duara na haina ardhi kabisa. Aina ya J ina tundu la tatu la ardhi. Kenya na Uganda hutumia plagi ya Kiingereza yenye pini tatu bapa, na Tanzania huitumia pia. Kompyuta iliyonunuliwa Nairobi, Kampala au Dubai hufika ikiwa na plagi ambayo haiingii ukutani, na mnunuzi hutafuta adapta. Adapta ya bei nafuu yenye pini mbili huiwezesha kompyuta kuwaka, ila huukata waya wa ardhi. Mtumiaji haoni upungufu wowote, kwa kuwa kompyuta hufanya kazi vilevile.

4. Neno moja kwa kazi tatu

Katika Kiswahili cha mafundi, ethi hutumika kwa angalau kazi tatu. Ya kwanza ni waya unaounganisha kasha la kifaa na ardhi ili umeme ukivuja upate njia na fyuzi au swichi ya usalama ikate. Ya pili ni kamba inayofungwa kwenye kifundo cha mkono wa fundi ili mwili wake na kifaa viwe katika hali moja ya umeme. Ya tatu ni waya mnene unaoteremsha radi kutoka paani. Tatizo hili si la Kiswahili pekee. Kiingereza nacho hutumia neno moja kwa dhana kadhaa. Kifaransa, kinyume chake, hutenganisha "terre", yaani ardhi halisi, na "masse", yaani mwili wa chuma wa kifaa. Mafundi wa Kigali waliofunzwa kwa Kifaransa wana tofauti hiyo tayari, nayo ni hazina ambayo Kiswahili kinaweza kuitumia.

Tofauti kati ya kazi ya kwanza na ya pili ni ya uhai. Waya wa ardhi wa jengo unapaswa kuwa na ukinzani mdogo, ili mkondo mkubwa upite haraka. Kamba ya mkono inapaswa kuwa na ukinzani mkubwa, kwa kawaida omu 1,000,000. Kiasi hicho hakizuii chaji tuli kuondoka, lakini hupunguza mkondo endapo fundi atagusa umeme wa volti 230: mkondo hautazidi miliampia 0.23. Mwanagenzi aliyefundishwa tu kwamba "lazima ujitie ethi" anaweza kujifunga waya mtupu wa shaba kutoka mkononi hadi kwenye bomba. Kwa umeme tuli, waya huo utafanya kazi. Akigusa waya wenye umeme wa jengo, ukinzani pekee utakuwa wa mwili wake, takriban omu 1,000, na mkondo utakuwa zaidi ya miliampia 200. Miliampia 50 zinazoendelea kupita kifuani zaweza kuua.

5. Maelekezo yanapohama bila muktadha

Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani humshauri fundi aiache kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani lakini imezimwa, ili kasha libaki limeungwa na ardhi wakati wa kazi. Ushauri huo umejengwa juu ya dhana isiyoandikwa: kwamba soketi ina ardhi. Ukitafsiriwa kwa usahihi wa neno kwa neno na kupelekwa kwenye chumba chenye adapta ya pini mbili, unamweka fundi kwenye kasha lenye volti 115. Isitoshe, kompyuta za kisasa zilizochomekwa hubaki na volti 5 kwenye ubao mkuu hata zikiwa zimezimwa kwa kitufe, na kipuri kinachochomolewa katika hali hiyo huweza kuungua.

Pale ambapo ardhi ya soketi haijapimwa, maelekezo salama ni haya: kompyuta ichomolewe, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili chaji zilizobaki ziishe, kamba ya mkono yenye ukinzani ifungwe kwenye chuma kisichopakwa rangi cha kasha, na vipuri vibaki ndani ya mifuko yao ya kinga hadi dakika ya kuvifunga. Fundi hahitaji ardhi ili kulinda chipu. Anahitaji yeye, kasha na kipuri wawe katika hali moja ya umeme.

6. Mapendekezo

Istilahi tatu zinapendekezwa. "Kuunga ardhi" ihusu waya wa ulinzi wa jengo na kifaa pekee. "Kusawazisha chaji" ihusu fundi, meza yake na vipuri. "Kinga ya radi" ihusu mfumo wa paani. Neno ethi halina haja ya kupigwa marufuku. Mafundi wanalielewa na litaendelea kuishi. Linalotakiwa ni kwamba kila andiko la mafunzo lieleze ni ethi ya kazi gani.

Kwa watunga sera, hatua tatu zinafuata. Kwanza, mikataba ya ununuzi wa kompyuta za umma itaje aina ya plagi na ikatae adapta zinazokata ardhi. Pili, hakuna maabara inayopaswa kupokelewa kabla ardhi ya kila soketi haijapimwa, na upimaji urudiwe wakati wa kiangazi, kwa kuwa udongo mkavu huongeza ukinzani wa fimbo ya ardhini. Tatu, vyuo vya ufundi vya Rwanda vishirikiane na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, kuandaa orodha fupi ya istilahi za usalama wa umeme katika Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, ikipimwa kwa mafundi wenyewe kabla ya kusanifishwa.

7. Hitimisho

Hadhi rasmi ya lugha hupimwa pia kwa uwezo wake wa kumwongoza mtu aliyeshika bisibisi mbele ya kifaa kilichofunguliwa. Katika suala hili Kiswahili hakikosi maneno, kwa kuwa ardhi, kusawazisha, chaji na radi ni maneno yanayoeleweka kuanzia Kigali hadi pwani. Kinachokosekana ni makubaliano kwamba kila moja lifanye kazi yake. Makubaliano hayo yana gharama ndogo kuliko maabara moja ya kompyuta, na yatamwezesha mwanagenzi kujua, kabla hajafunga waya mkononi, ni hatari ipi anayojikinga nayo.