Binti wa kliniki anajifunza kazi kwa mkataba gani?

Ingia kliniki ya mtaani, iwe Likoni, Kisauni, Mtwapa au Ukunda, mara nyingi utampata binti mmoja mapokezi. Ndiye anayekukaribisha, anayeandika jina lako kwenye faili, anayekupima uzito na presha kisha akakuelekeza kwa daktari. Ukiuliza kazi yake utaambiwa, "Huyu anajifunza." Anajifunza tangu lini? Mwaka wa pili sasa. Atamaliza lini, na akimaliza atapewa nini mkononi? Hapo majibu huisha.

Makala haya yanamhusu binti huyo, na yanamhusu mgonjwa anayemnyooshea mkono.

Kujifunza kazi chini ya mkubwa wa kazi ni jambo tulilolikuta kwa wazee wetu. Mshona kanzu, seremala wa milango wa Lamu na fundi wa majahazi wa Matondoni wote walianza kwa kushika uzi, kufagia vumbi la mbao na kuchemsha sifa. Kiswahili kina jina la mtu huyo: mwanagenzi, yaani mgeni wa kazi anayefundishwa. Mfumo huo ulikuwa na uzuri wake. Fundi alijulikana, na kazi mbovu ya mwanafunzi ilikuwa aibu ya fundi. Lakini mguu wa kiti ukikatwa vibaya, mbao nyingine ipo. Mkono wa mtoto ukichomwa sindano vibaya, hakuna wa kubadilisha. Ndiyo maana uanagenzi katika matibabu unahitaji kanuni kali kuliko ule wa karakana.

Wenzetu Wajerumani wameliwekea jambo hili utaratibu wa kuandikwa. Neno lao Ausbildung si geni tena Pwani, kwa kuwa vijana wetu wengi wanasoma Kijerumani wakitarajia safari. Wengi hulitafsiri kama "kazi Ujerumani", na hapo ndipo wanapokosea. Ausbildung ni uanagenzi. Na moja ya kazi zinazofundishwa kwa njia hiyo ni ile ile ya binti wetu wa mapokezi: msaidizi katika kliniki ya daktari.

Huko mafunzo ya kazi hiyo ni miaka 3. Wiki hugawanywa: siku kadhaa mwanagenzi yuko kliniki, siku moja au mbili yuko chuo cha ufundi. Anafundishwa kupokea wagonjwa, kutunza siri na kumbukumbu zao, kutoa damu ya kupimwa, kupima mapigo ya moyo kwa mashine, kutakasa vyombo na kuandaa madai ya malipo ya bima. Kabla ya siku ya kwanza kuna mkataba uliotiwa saini. Kuna muda wa majaribio usiopungua mwezi 1 na usiozidi miezi 4. Kuna malipo kila mwezi, na sheria inataka yapande kadiri miaka ya mafunzo inavyosonga. Kuna daftari la kuandika alichofundishwa. Katikati kuna mtihani, na mwisho kuna mtihani.

La muhimu zaidi ni kwamba mitihani hiyo haisimamiwi na mwenye kliniki. Inasimamiwa na baraza la madaktari la eneo lile. Kwa hiyo cheti kinatambuliwa nchi nzima, na bosi hawezi kumshika kijana kwa kumwambia, "Bado hujaiva, ngoja mwaka mwingine."

Uuguzi nao wameupanga vivyo hivyo. Chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 2020, mwanafunzi wa uuguzi husoma miaka 3, akipata darasani saa zisizopungua 2,100 na kwa mgonjwa saa zisizopungua 2,500, huku akilipwa.

Turudi nyumbani. Je, Kenya hatuna sheria? Tunayo. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, sura ya 237, ipo tangu enzi za mkoloni, na marekebisho ya mwaka 2011 ndiyo yaliyoleta mamlaka ya NITA. Sheria hiyo inataka mkataba wa uanagenzi uandikwe, utiwe saini na kusajiliwa. Waajiri nao hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo ni za mafunzo. Mwajiri anayelipa anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ni wenye kliniki wangapi Pwani wanaolipa ada hiyo na hawajawahi kuuliza inawarudishia nini?

Tatizo ni kwamba mipango yetu mingi humtazama mwajiri mkubwa. Chukua punguzo la kodi kwa waajiri wanaopokea wanagenzi, ambalo Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ililipanua likahusu waliohitimu vyuo vya ufundi. Sharti lilikuwa kupokea wanagenzi wasiopungua 10. Kliniki yenye vyumba vitatu itawaweka wapi wanagenzi 10? Kaunti zetu, pamoja na vyama vya wenye kliniki, zingeweza kuwaunganisha wadogo: kliniki tano zikachukua wawili wawili, zikakubaliana na chuo kimoja cha ufundi kuwafundisha nadharia siku moja kwa wiki.

Hapa lazima niweke mpaka, nisije nikaeleweka vibaya. Uanagenzi si mlango wa nyuma wa kuingia udaktari. Uuguzi, uafisa wa kliniki, maabara na famasia kila moja ina bodi au baraza lake na leseni yake. Binti aliyekaa miaka mitatu duka la dawa hajawa mfamasia, hata kama anajua kila kopo lilipo. Kumwacha atoe dawa peke yake usiku kwa sababu "ameshazoea" ni kumhatarisha mgonjwa na kumhatarisha yeye pia, kwani siku wakaguzi wakija yeye ndiye atakayekutwa nyuma ya kaunta.

Lakini ndani ya mpaka huo kazi ni tele: mapokezi, kumbukumbu, usafi na utakasaji wa vyombo, kupima uzito, joto na presha chini ya usimamizi, kuhesabu akiba ya dawa, kuandaa madai ya SHA. Daktari akiondolewa makaratasi hayo, anabaki na muda wa kumsikiliza mgonjwa. Na kijana naye anapata ngazi ya kupandia. Tukumbuke kwamba diploma nyingi za KMTC zinataka wastani wa C, na vyeti C-. Aliyekosa alama hizo leo anaambiwa afya si yake. Uanagenzi wenye cheti ungempa pa kuanzia, na baadaye ujuzi wake upimwe na kutambuliwa rasmi.

Nimewasikia wenye kliniki wakisema, "Nikimfundisha atahama." Kweli, wengine watahama. Lakini huyo asiyefundishwa anayebaki, akiandika jina la mgonjwa kwenye faili la mwenziwe, gharama yake ni ipi? Kliniki inayojulikana kwa kufundisha vizuri haikosi wa kuomba nafasi, na anayehama akiwa na shukrani huileta sifa ya kliniki mbele za watu.

Kuhusu safari, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024, na mawakala wamejaa mjini. Mzazi usikimbilie kuuza shamba. Kwa kuwa huo ni uanagenzi, kijana anapaswa kuonyeshwa mkataba wenye jina la mwajiri, muda, malipo ya mwezi na kazi atakayofundishwa. Wakala asiyeweza kuonyesha hayo, mwache na maneno yake.

Na kwa aliye na binti anayejifunza kliniki hapa hapa, yapo maswali manne ya kumpelekea mwenye kliniki kwa adabu. Mkataba wake uko wapi? Ni nani aliyesajiliwa kisheria anayemsimamia? Atalipwa nini, hata kama ni kidogo? Na mwisho wa mafunzo atapimwa na nani? Mwenye nia njema hatakasirika, na kama hajawahi kuyafikiria atayafikiria. Afya ya mtu ni amana. Dini yetu imetufunza kwamba mfanyakazi hulipwa haki yake kabla jasho lake halijakauka, na anayejifunza kazi huku akiifanya naye anatoka jasho.