Dawa Mseto: Kutoka Chupa ya Maabara hadi Tangi la Kiwanda

Dawa mseto ya malaria inayotolewa katika zahanati za Kashozi na Muleba nchini Tanzania, ALu, ina viambato viwili: atemetha na lumefantrini. Atemetha hutengenezwa kutokana na atemisinini, iliyomo katika majani ya Artemisia annua, mmea unaolimwa pia Afrika Mashariki. Tu Youyou wa China alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua atemisinini. Mwaka 2006, ambao malaria ililipuka Muleba, Tanzania iliifanya ALu dawa ya kwanza ya kutibu ugonjwa huo. Mahitaji hayakuwa tena ya gramu bali ya tani.

Maabara hutia sodiamu borohidridi kwenye atemisinini iliyoyeyushwa katika methanoli baridi sana. Zao lake huunganishwa na methanoli kwa msaada wa asidi. Kwa chupa ya lita 1, beseni la barafu linatosha kupoza. Tangi la lita 1,000 lenye umbo lilelile hubeba mara 1,000 zaidi, ilhali eneo la kutolea joto limeongezeka mara 100 tu. Joto hubaki katikati, kama sufuria la matoke ya harusi linavyokaa moto wakati lile la nyumbani limeshapoa. Joto likizidi, daraja la oksijeni mbili ndani ya molekuli, linaloua vimelea, laweza kuvunjika, na hidrojeni inayotoka ni rahisi kulipuka. Ndiyo maana kiwandani kemikali humiminwa kidogo kidogo huku mchanganyiko ukikorogwa na kupozwa. Papara hapa huhatarisha maisha ya wafanyakazi.

Mwanga ni mgumu kudhibiti kuliko joto. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi, katika kiwanda chake cha Garessio, Italia, ilianza kutengeneza atemisinini kwa asidi iliyozalishwa na hamira iliyobadilishwa vinasaba. Hatua ya mwisho inahitaji oksijeni na mwanga, nao hupenya kina kifupi tu, hivyo tangi likipanuliwa, katikati hubaki giza. Mwaka 2012 mwanakemia Peter Seeberger na wenzake nchini Ujerumani walikuwa wameonyesha njia ya kupendeza: kupitisha kimiminika katika mrija mwembamba uliozungushwa kwenye taa. Anayetaka dawa zaidi huacha mrija ufanye kazi muda mrefu, au huongeza mingine.

Kemia ilifaulu, lakini soko lilikataa. Atemisinini ya shambani ilishuka bei, na mwaka 2015 Garessio haikutengeneza hata kidogo. Sehemu kubwa ya atemisinini duniani bado hutoka kwenye majani.