Nguo za friperi za rangi wakati wa jua kali: tuchague namna gani?

Wandugu, mwezi wa kenda na wa kumi hapa Lubumbashi jua haina mchezo. Mvua bado, vumbi iko kila mahali, mtu anafika ku kazi shati imeshikamana na mgongo. Lakini angalieni namna wengi wetu tunavaa: kostimu nyeusi ya poliesta, ju tunafikiri mwenye diplome lazima aonekane hivyo. Na kando ya barabara, kwa mama wa friperi, mashati ya kotoni ya kijani, ya manjano, ya rangi ya machungwa yanalala tu. Tunayapita kwa haya.

Haya hiyo inatoka wapi? Sikilizeni majina yenyewe. Majirani wetu wa Zambia wanasema salaula, neno la Kibemba la kupekua na kuchagua. Kinshasa wanasema tombola bwaka: inua, tupa. Rwanda na Burundi wanasema caguwa, kutoka neno letu «chagua». Hakuna hata moja linalosema «nguo ya maskini». Yote yanasema kazi: kuchagua. Na kazi hiyo iko na akili yake.

Kitambaa mbele, rangi nyuma. Kotoni, kitani na viskozi vinakunywa jasho. Poliesta haikunywi karibu kitu, njo maana inanuka haraka. Soma etiketi. Kama ilikatwa, ukishanunua toa uzi mmoja ndani ya mshono na uuchome mbali na nguo. Ukinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni kotoni au ndugu zake. Ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu, ni poliesta au plastiki ingine ya namna hiyo.

Rangi na jua. Nyeusi inavuta joto, nyeupe inairudisha. Hiyo tunaijua. Lakini upana wa nguo nao unahesabika: shati pana ya rangi, yenye kupitisha hewa, inaweza kukupoza kuliko nyeupe yenye kubana. Tena kwa ngozi, mambo yanageuka: kitambaa kizito cha rangi yenye nguvu kinazuia ile miale ya jua inayounguza kuliko cheupe chepesi. Inua nguo mbele ya mwangaza. Ukiona mwanga unapita wazi, mabega yako hayana kinga. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si jambo la urembo, ni la afya.

Umri wa nguo. Nguo ya zamani si lazima iwe imechoka. Geuza ndani: mshono umenyooka? Pindo limeachwa kubwa, fundi aweze kuongeza? Etiketi ikisema ilitengenezwa Ujerumani Magharibi, ujue ilishonwa mbele ya mwisho wa 1990. Na ukikuta abacost ya mikono mifupi, usicheke. Wakati wa Mobutu ilikuwa amri, kostimu na kravati vilikatazwa mpaka 1990, na watu wengi walichoka nayo kwa sababu hiyo. Lakini kwa joto letu, nguo isiyotaka kravati ilikuwa na akili. Leo hakuna anayekulazimisha, unachagua mwenyewe.

Mbele ya kuvaa. Ile harufu kali inaweza kuwa ya naftalini, dawa ya kufukuza wadudu. Usivalishe mtoto mchanga nguo inayonuka hivyo: kwa watoto wenye upungufu wa G6PD, ambao si wachache kwetu, inaweza kuvunja chembe za damu. Anika nguo kwenye hewa siku kadhaa, kisha fua mpaka harufu itoke. Ya rangi, jaribu kwanza: sugua sehemu ya ndani na kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikitoka, ifue peke yake. Ianike kivulini, imegeuzwa, ju jua inakula rangi. Halafu piga pasi yenye moto, hata ku mishono. Kuna nzi anayetaga mayai ku nguo mbichi zilizoanikwa nje, na kiluwiluwi chake kinaingia mu ngozi na kuleta jipu. Moto wa pasi unaua mayai.

Neno moja juu ya bei. Yule mama ananunua balo ikiwa imefungwa, haoni kilichomo. Akifungua, anaweza kukuta nusu ina madoa au imepasuka, na pesa yake imekwisha kwenda. Shati moja nzuri ya rangi njo inamlipia zile mbaya. Kwa hiyo jadiliana, ni soko, lakini usimwambie «hii ni friperi tu» ili umnyonye, halafu kesho uivae na kusifiwa ku ofisi. Ukiichagua kwa akili, ilipe kwa heshima, na uivae bila kujificha.