Maua ya tarehe 1 Agosti yatafikaje kwa mama?

Siku ya wazazi inakaribia. Kila mwaka, tarehe 1 Agosti, nchi yetu inapumzika kazi kwa ajili ya wazazi walio hai na wale waliotutangulia. Asubuhi watu wanakwenda makaburini na majembe, wanang'oa majani, wanasafisha msalaba, wanaweka maua. Kisha wanarudi nyumbani kula pamoja na wazazi walio wazima. Kilio na karamu katika siku moja, na katika vyote viwili ua lina nafasi yake.

Shida yetu sisi wa Bihambwe ni kwamba familia haziko tena mahali pamoja. Binti yuko Goma, kijana yuko Kampala, shemeji amefika mpaka Ubelgiji, na mama mwenyewe amebaki hapa kwenye kilima. Kwa wengine ni kinyume: wazee walikimbia vita, wakafia Bulengo ao Lushagala, wakazikwa huko, na watoto waliorudi hapa hawana njia ya kufika kwenye kaburi. Kwa hiyo kila mara mwezi wa saba ukifika tunaulizwa ulizo lile lile: mtu afanye nini ili maua mabichi yamfikie mtu wake?

Jibu la kwanza ambalo wengi wanalifikiria ni motari. Yeye anashusha jibini ya Masisi mpaka Goma, basi apandishe maua wakati wa kurudi. Kuna mwaka binti wa mwenzetu mmoja alifanya hivyo. Alinunua shada zuri la roza Goma asubuhi, akalifunga katika karatasi inayong'aa, akalikabidhi motari pamoja na pesa ya safari. Kutoka Goma mpaka Sake ni kilometa zaidi ya 25, na kupita Sake barabara inaanza kupanda: Mushaki, Matanda, ndipo Bihambwe. Ni kiangazi, vumbi linamgeuza kila msafiri rangi moja. Njiani kuna kusimamishwa, kuna tairi kutoboka, kuna jua la saa sita. Shada lilifika jioni, vichwa vimeinama, nusu ya majani ya ua yamebaki ndani ya karatasi. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akanyamaza. Baadaye aliuliza polepole: «Nani amekufa?» Kwa mzazi ambaye watoto wake wote wako mbali, maua yaliyonyauka si salamu. Ni habari mbaya.

Tusimlaumu motari. Ua lililokatwa ni kitu kinachokufa kidogo kidogo, na kinachoweza kulichelewesha ni maji na baridi tu. Jirani zetu wa Kenya wanalijua hilo vizuri. Kule Naivasha, kwenye mashamba makubwa ya roza, ua likikatwa tu linaingizwa kwenye maji, kisha kwenye chumba cha baridi, kisha kwenye gari la baridi mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi, na kutoka pale linapanda ndege kwenda kuuzwa Uholanzi. Baridi haikatiki hata mahali pamoja, na ndiyo sababu mtu wa Ulaya anapokea roza ya Naivasha ikiwa bado imekaza. Sisi tuna barabara ya Sake. Tusijidanganye kwamba karatasi inayong'aa itafanya kazi ya gari la baridi.

Lakini kuna njia nyingine, na ni ya zamani. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani waliungana ili kutumiana maagizo kwa telegramu. Mtu aliyekuwa katika mji mmoja alikuwa analipa kwa muuzaji wa pale. Muuzaji huyo anampigia telegramu mwenzake wa mji ambako mama anaishi. Na huyo wa pili anakata maua yake mwenyewe, anayafikisha mlangoni saa ile ile. Ua halikusafiri hata kidogo. Kilichosafiri ni neno na pesa.

Sisi leo tuna telefone badala ya telegramu, na tuna M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Na maua? Tembea tu kwenye njia zetu utazame. Kwenye bonde lenye maji kuna yale maua meupe yaliyokunjwa kama karatasi ya karanga, ambayo wafaransa wanayaita arumu. Hata kiangazi hayakauki kwa sababu miguu yake iko kwenye tope. Kwenye parsele za wamama wengi kuna dalia, glayoli, roza za zamani zenye harufu, na hotensia zile za bluu ambazo mama akizimwagia maji ya kuoshea mboga zinavumilia ukavu. Milima yetu ina baridi ambayo wengine wanailipia. Kinachokosekana hapa ni mtu wa kupokea agizo tu, na mtu huyo anaweza kuwa sisi.

Tunapendekeza hivi. Kila kikundi cha AVEC, MUSO ao likirimba kichague mama mmoja wa maua. Mtoto aliye mbali anampigia huyo, anaeleza maua ni ya nani, anaishi wapi, na maneno gani yasemwe wakati wa kuyatoa. Anatuma pesa. Mama wa maua anazungukia parsele za wenzake, ananunua kwao shina chache chache, anafunga shada, analipeleka kwa miguu asubuhi ile ile. Pesa igawanywe wazi: fungu la wenye maua, fungu la aliyetembea, na kitu kidogo kiingie kwenye sanduku la kikundi. Bei mkubaliane katika mkutano mbele ya wote na iandikwe katika kaye, isiwe ya kubahatisha kwa kutazama kama mtumaji yuko Goma ao Ubelgiji. Picha ipigwe ikiwa mama anakubali. Kama hataki, mwacheni. Mwambieni tu mtoto wake namna alivyopokea.

Juu ya yale maneno, tunakaza kidogo. Mtoto akisema tu «mpelekee mama maua», mwulize tena. Ua bila neno kwa mama wa kijijini linaweza kuleta mashaka, kama tulivyoona. Lakini mjumbe akifika akasema, «Mama, mtoto wako fulani wa Kampala anakusalimia, yuko mzima, amesema nikuletee hizi kwa sababu ya siku ya wazazi», hapo mzee anapumua. Neno «yuko mzima» litangulie mbele ya mengine yote. Kama ni mkwe anayemtumia mama mkwe, ni vizuri aliyebeba awe mama wa heshima, si kijana wa njiani.

Kwa makaburi, njia hiyo inafanya kazi pande zote mbili, na hapa ndipo tunaona faida kubwa kuliko yote. Dada zetu waliobaki Goma wanaweza kwenda Makao ao penginepo ambapo mtu wetu amelala, kwa agizo la familia iliyo hapa. Na sisi tulio hapa tunaweza kulima na kuweka maua kwenye kaburi la mzee ambaye watoto wake hawawezi kupanda mpaka Bihambwe. Kwa kazi hiyo msiende bila kuelekezwa. Ombeni jina lililoandikwa msalabani, kaburi liko karibu na nini, na nani wa jirani anayelijua. Mahali ambapo msalaba umeng'olewa ao umeoza, tafuteni mzee wa kijiji kwanza. Kuweka maua kwenye kaburi la mtu mwingine ni kosa linaloumiza familia mbili.

Tunajua kuna mama anayesoma hapa na kujiuliza: maua ya nini, na maharagwe yamepanda bei? Ulizo lake ni la haki, na hatutalizunguka. Tunaona kwamba ua lisichukue nafasi ya unga, sabuni ao dawa. Mtoto mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue kile chenye kuliwa, na mama wa maua amwambie hivyo bila haya. Lakini ua letu si la kununuliwa ghali. Mwaka 1946 wamama wa Italia, vita ikiwa imewaacha maskini, walitafuta ua la siku ya tarehe 8 Machi. Walichagua la manjano kutoka mti wa jamii ya akasia, kwa sababu lilichanua wakati ule na kila mtu aliweza kulipata. Nani kati yetu hana akasia karibu, katika miti hii tunayopanda kwa ajili ya makala?

Hata ile siku ya mama ya Marekani ilianza kwa mtu aliyetuma maua kwenye mji mdogo. Anna Jarvis aliishi Philadelphia. Mama yake alikufa mwaka 1905. Tarehe 10 Mei 1908 alituma maua meupe 500 kwenye kanisa la Grafton, mji ambako mama yake alifundisha watoto, yagawiwe wamama waliokuwa ibadani. Yeye mwenyewe hakuwapo. Baadaye wafanyabiashara walipoanza kupandisha bei ya maua kwa ajili ya siku ile, aliwapinga kwa hasira mpaka uzee wake. Kwa hiyo tukisema bei iandikwe katika kaye, tuna mwenzetu wa zamani.

Sasa kazi yenyewe. Kata asubuhi kabla ya jua kupanda, wakati ua bado limejaa maji ya usiku. Tumia kisu kikali, kata shina kwa mshazari, litie kwenye ndoo ya maji palepale shambani, usingoje kufika nyumbani. Ondoa majani yote yatakayozama, kwa maana ndiyo yanayoozesha maji. Ndoo ikae kivulini. Wakati wa kubeba, funga miguu ya shada kwa kitambaa chenye maji, kisha jani la mgomba juu yake. Na usibebe maua pamoja na ndizi zilizoiva katika kikapu kimoja: ndizi inayoiva inatoa hewa inayoyazeesha maua upesi. Mama akishapokea, abadilishe maji kila siku na kukata ncha ya shina kidogo.

Angalieni watoto. Utomvu wa yale maua meupe ya bondeni unawasha mdomo na macho, basi oshani mikono. Yale makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo watu wanapanda kwenye uzio, yana sumu kali, pia yanalewesha. Yasitiwe kwenye shada hata kama mtumaji ameyaomba kwa jina.

Vikundi vilete jina la mama wa maua kwetu kabla ya siku ya Yenga ya mwisho ya Julai, pamoja na namba ya telefone itakayopokea maagizo. Maagizo yafungwe tarehe 30 jioni. Tarehe 31 tunapita parsele kwa parsele kuhesabu kilichochanua, ili tusiahidi roza mahali ambapo kuna dalia. Tarehe 1 saa kumi na moja asubuhi tunaanza kukata. Mwenye ndoo ya ziada aje nayo, na mwenye kisu asikisahau.