Python na C kwenye Kipakatalishi Kimoja, Kamenu

Kijana wa Kamenu anayejifunza programu kwa kipakatalishi cha mtumba chenye RAM ya gigabaiti 4 hukutana na jambo hili mapema: Python huandikika upesi, lakini hesabu zikiwa nyingi, hujikokota. Chukua vipimo milioni 10 vya joto, vya aina ile wanayohitaji watafiti wa kahawa hapo Ruiru. Katika orodha ya Python, kila namba ya desimali hula baiti 24, na baiti 8 zaidi za kuonyesha ilipo. Megabaiti 320 zimekwenda. Katika C, namba iyo hiyo ni baiti 8 tu. Zote ni megabaiti 80.

Wapo wanaoshauri kila kitu kiandikwe upya kwa C. Sikubaliani nao. Guido van Rossum alipoitoa Python mwaka wa 1991, aliiandika kwa C na kuacha mlango wa kuiongezea vipande vya C. NumPy, maktaba ya hesabu iliyoanzishwa na Travis Oliphant, imepita humo humo: wewe unaandika Python, C inabeba mzigo.

Unaweza kujaribu mwenyewe bila kununua chochote. Andika funkshoni ya wastani kwa C, ipitishe kwenye kompaila ya gcc itoke maktaba ya .so, kisha uiite kwa ctypes, moduli inayokuja na Python. Hapa ndipo wengi hunaswa. Usipoiambia ctypes kwamba jibu ni namba ya desimali (double), huchukulia kuwa ni namba kamili (int). Wastani uliopaswa kuwa 21.5 hutoka namba isiyo na kichwa wala miguu, na skrini haitoi onyo lolote. Dawa ni laini moja: restype, yaani aina ya jibu, iwe c_double. Natamani vyuo vyetu vingefundisha jambo hili mwaka wa kwanza, kwa sababu kosa lisilopiga kelele huishia kwenye ripoti ya mtu.

Kisha kuna gharama ya kuvuka kutoka Python kwenda C. Kuiita C mara milioni 10, namba moja kila mara, ni kupeleka mayai sokoni moja moja ilhali trei zipo. Ipe safu nzima kwa mwito mmoja, izunguke huko huko ndani.

Lakini pima kwanza. cProfile, moduli nyingine inayokuja na Python, itakuonyesha muda unaliwa wapi, na mara nyingi ni laini chache tu. Hamishia hizo C. Menyu na ripoti zibaki Python, ambako mteja akitaka mabadiliko, unayafanya bila kugusa kompaila.