Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi

Kijana wa Njoro anayetaka kuanzisha bendi ya roki mjini Moshi hatakwama kwa kukosa wapigaji. Kwaya za makanisa ya Kilimanjaro zinalea wapiga gitaa na kinanda kila mwaka. Kitakachomkwamisha ni vyombo: gitaa la solo, la ridhimu na la besi, seti ya drams, amplifaya, maiki, spika, na jenereta ya kuokoa onyesho umeme unapokatika. Asipokuwa navyo atakodi, na anayekodi hugawana kiingilio na mwenye vyombo kabla hajamlipa mpigaji hata mmoja, huku fedha ya bia na nyama choma ikibaki kwa mwenye ukumbi. Ndiyo maana naamini kwamba uhai wa bendi Tanzania umeamuliwa na umiliki wa vyombo kuliko kipaji au ladha ya wasikilizaji.

Tazama bendi iliyoundwa na chama cha wafanyakazi cha NUTA mwaka 1964. Ilianza kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, kisha OTTU, kila mara ikilifuata jina la mmiliki wake, hadi ilipobaki na Msondo Ngoma. Mlimani Park nayo ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ikahamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1983. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima wa Orchestra Safari Sound aliwavuta Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake kadhaa kutoka Mlimani Park. Wanamuziki walihama na sauti zao tu. Vyombo vilibaki kwa mwenyewe.

Waliocheza roki hawakuwa na mlezi wa namna hiyo. Sunburst ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1970, ikachanganya roki, soul na midundo ya nyumbani, lakini albamu yao, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kufyatua sahani. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania na sahani zikatoka Nairobi. Ndugu Wilson na George Kinyonga wa Tanga walilielewa hilo mapema. Walipita Arusha, jirani kabisa na Moshi, wakavuka hadi Mombasa na kuunda Simba Wanyika mwaka 1971, kisha wakaifuata biashara ya sahani Nairobi.

Wapo watakaosema bongo fleva ndiyo iliyoua bendi, kwa kuwa vijana walibadili ladha. Ladha ilibadilika kweli. Lakini msanii wa bongo fleva hupanda jukwaani na maiki na wimbo uliokwisha rekodiwa, hivyo mwandaaji hasafirishi watu kumi na mzigo wa spika. Gharama ilitangulia, ladha ikafuata. Na soko la Moshi halijafa: Desemba Wachagga wanaporudi nyumbani, harusi na kipaimara hufuatana kuanzia mjini hadi Marangu na Machame, na wenye sherehe hulipa. Ugumu ni miezi inayofuata, ambayo bendi ya kukodi vyombo haiwezi kuivuka.

Kwa hiyo bendi ya Njoro ingejiunda kwanza kama ushirika, wanachama wakinunua vyombo kwa hisa. Pingamizi zito ni kwamba ushirika wenyewe umewahi kuyumba: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, KNCU ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ya tangu 1933, ikiwamo. Lakini vilivunjwa kwa amri ya serikali, wakulima hawakukataa kuchanga, na vilirudishwa miaka ya themanini. Mji wenye Chuo Kikuu cha Ushirika haukosi mtu wa kuandika katiba ya wapigaji watano. Kifungu kigumu kitakuwa cha anayeondoka: alipwe hisa yake kwa fedha, kwa awamu kama mfuko ni mdogo, na gitaa libaki kwenye bendi.