Kiraka Hodari wa Msimbazi

Fundi cherehani wa Kariakoo hatupi kipande cha kitambaa, maana ajua ipo siku kitaziba tundu. Wapenzi wa mpira nao humwita "kiraka" mchezaji awezaye kuziba nafasi yoyote. Kiraka mashuhuri ni Bwana Erasto Nyoni.

Yeye amecheza beki wa kulia, wa kushoto, wa kati, hata kiungo. Juni 2007 goli lake liliishinda Burkina Faso 1–0, kwao Ouagadougou. Hata hivyo Tanzania, ambayo hadi wakati huo ilikuwa imeingia fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 tu, haikufaulu. Bwana Nyoni hakukata tamaa. Mwaka 2014 alipata ubingwa wa Tanzania Bara akiwa Azam. Mwaka 2017 akahamia Simba, Mtaa wa Msimbazi, akaupata tena. Mwaka 2019 akaenda Misri na Taifa Stars, katika fainali zile alizozingoja miaka 12.

Wazazi, vijana wetu wote hutaka kuwa wafungaji, maana mfungaji ndiye abebwaye mabegani. Waambieni ya kwamba akubaliye kupangwa popote husifiwa kidogo, lakini hudumu sana.